Kiu ya Januari

Ilikuwa Januari, saa sita mchana. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya nyumba mjini Aurora, jimbo la Colorado nchini Marekani, nikitazama maji yanavyotoka kidogo kidogo kwenye mpira na kuzama chini ya mche wa tuja. Jua lilikuwa kali, koti nimelivua. Theluji ya wiki iliyopita ilikuwa imebaki bonge moja tu kwenye kivuli cha ukuta wa kaskazini, chafu kama sufi iliyookotwa barabarani. Jirani yangu, mama wa Uvira kule Kongo, alikuwa anarudi dukani na mifuko yake. Akasimama.

"Eh papa, unamwangia miti maji na hii baridi yote?"

"Ina kiu, mama."

"Si inalala? Mtu analala, utamupa maji?"

Nikacheka, kwa sababu sikuwa na jibu fupi. Swali lake ndilo wanalobishania hata waliozaliwa kwenye theluji. Ukikutwa London mwezi wa Januari umeshika mpira wa maji bustanini, watu watakuonea huruma. Hapa Denver na vitongoji vyake, asiyeushika hata mara moja tangu Oktoba hadi Machi huenda Julai akatafuta fundi wa kuja na msumeno. Wa London ana haki na wa Denver ana haki. Wanaokosea ni wale wanaochukua ushauri wa mji mmoja na kuupeleka mwingine, kana kwamba baridi ni moja dunia nzima.

Tuanze na huo usingizi wa mama jirani. Hakukosea sana. Mti unaopukutisha majani huwa umefunga sehemu kubwa ya duka lake: majani ndiyo yanayopoteza maji mengi, basi yanaangushwa yote. Aliyekulia Tabora au Katanga anaujua ujanja huo. Miyombo hupukutisha majani kiangazi, ikabaki mifupa mitupu, halafu ikachipua kabla hata mvua haijanyesha. Kwa mti, kiangazi cha Tabora na baridi ya Colorado vinafanana kuliko sisi tunavyodhani, kwa maana kote kuwili maji hayapatikani. Huko yameisha, huku yameganda au hayakunyesha.

Lakini kulala si kufunga pua. Gome la mti lina vitundu vya kupumulia, na matumba yanayosubiri machipuko yana unyevu ndani yake. Pote hapo maji hutoka, kidogo kidogo, kwa miezi mitano. Chini ya ardhi mambo ni mengine kabisa. Mizizi haina usingizi mzito kama wa matawi. Udongo ukiwa na joto la nyuzi tano hivi au zaidi, mizizi midogo huweza kuendelea kukua na kunywa, hata kama juu mti umekaa kama kuni. Tena mizizi ni dhaifu mbele ya baridi. Matawi ya mtufaha huweza kuvumilia nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali mizizi yake huanza kufa kwenye kumi hivi. Kinachoiokoa ni blanketi la udongo, na blanketi hilo, kama tutakavyoona, likikauka halina kazi.

Mateso makubwa ni ya miti isiyopukutisha majani: misonobari, spurusi, tuja, mireteni, na vichaka kama buksi na rododendroni. Hii haikufunga duka. Jua la mchana likipiga kwenye majani, upepo ukipita, mvuke unatoka kwa kupenya ngozi ya jani hata kama vinyweleo vyote vimefungwa. Mti unavuta maji chini, chini udongo ni mkavu au umeganda kama saruji. Matokeo yake utayaona mwishoni mwa Februari: upande wa kusini na wa magharibi, na ule unaoelekea upepo, majani yanageuka rangi ya kutu, upande wa kivulini yakabaki ya kijani. Watu husema mti umeungua na baridi. Ungekuwa umeungua na baridi usingechagua upande, maana baridi ya usiku huzunguka mti mzima. Rododendroni imejitengenezea kinga yake: baridi ikizidi, majani yake huning'inia na kujikunja kama sigara, na joto likirudi hujikunjua. Ni mti unaojifunika shuka. Tuja haina shuka.

Sasa Denver. Mji uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, mashariki ya Milima ya Rocky, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 370 za mvua na theluji kwa pamoja. Dodoma inapata zaidi ya hapo, kwa mbali. Na katika hizo 370, Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye fungu dogo kuliko yote, milimita kama kumi kila mwezi. Mgeni hudanganyika kwa sababu theluji inaonekana nyingi. Sentimita 25 za theluji nyepesi ya huku, ukiziyeyusha kwenye ndoo, mara nyingi hupati hata sentimita mbili na nusu za maji, na kabla hazijayeyuka sehemu yake hupaa moja kwa moja kuwa mvuke bila kuwa maji hata kwa dakika moja. Asubuhi bustani ni nyeupe, kesho kutwa ni kavu, na udongo haukulowa hata kidole kimoja kwenda chini.

Mwizi mkubwa ni upepo unaoitwa chinook. Hewa huvuka milima, ikaacha unyevu wake upande wa magharibi, halafu ikaporomoka upande wetu. Inavyoshuka inagandamizwa, na hewa ikigandamizwa hupata joto, karibu nyuzi kumi kwa kila kilomita moja ya kushuka. Inafika chini ikiwa na joto na kiu. Rekodi inayotajwa sana ni ya Loma, huko Montana, Januari 1972: ndani ya saa 24 joto lilitoka nyuzi 48 chini ya sifuri hadi nyuzi 9 juu yake. Hapa Denver hatufiki huko, lakini siku ya nyuzi 15 katikati ya Januari ni jambo la kawaida, na siku hiyo spurusi inatoka jasho kama ni Aprili.

Anayetaka kujua baridi ya huku ilivyo kavu akumbuke mwaka 2021. Theluji ya kwanza Denver ilisubiriwa hadi tarehe 10 Desemba, ikawa imechelewa kuliko mwaka wowote ulioandikwa. Tarehe 30 mwezi huohuo, katika wilaya ya Boulder, moto ulioitwa Marshall uliendeshwa na upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa ukateketeza nyumba zaidi ya 1,000. Mwisho wa Desemba, kwenye majira ambayo kadi za Krismasi huchorwa theluji, nyasi zilikuwa zinawaka kama makuti. Kama nyasi zilikuwa hivyo, mizizi ya mti iliyolala sentimita 20 chini yake ilikuwa inakunywa nini?

Kuna jambo la historia ambalo wenyeji wenyewe husahau. Uwanda huu haukuwa na miti. Palikuwa na nyasi, na mipopla kando ya Cherry Creek na mto South Platte, basi. Miti ya Denver ilifuata mfereji: City Ditch ulikamilika mwaka 1867, ukaleta maji ya mto mjini, na watu wakaanza kupanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 meya Robert Speer akawa anawagawia wakazi miche bure. Kwa hiyo karibu kila kivuli unachokikalia hapa ni mgeni aliyealikwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunasema. Hawa wana miaka mia na ushei, na jembe hawalijui. Hata spurusi ya buluu, ambayo ndiyo mti rasmi wa jimbo, kwao ni milimani, kandokando ya vijito. Mjini tumeipanda kwenye udongo wa mfinyanzi, pembeni ya lami, kisha Oktoba tukaifungia maji.

Kufungia maji huko ndiko kiini cha tatizo, na ni kwa nia njema. Nyumba nyingi za huku zina mabomba ya kumwagilia yaliyozikwa chini ya bustani, yanayojifungua yenyewe kwa saa. Mwezi wa Oktoba mafundi hupita na kompresa kuyapuliza, maji yote yatoke, yasije yakaganda na kuyapasua. Ni kazi ya lazima. Ila siku bomba linapopulizwa, mwenye nyumba naye hujiona amemaliza habari ya maji hadi Mei. Mashine imekuwa kalenda yake. Kati ya Oktoba na Mei kuna miezi saba, na mti haujui kama kompresa imepita.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilipanda tuja saba kwa mstari, ziwe ua wa kunikinga na macho ya barabarani. Mwezi wa Aprili tatu zilikuwa rangi ya kutu. Nne zilibaki za kijani, nikashukuru. Julai, katika wiki mbili za joto kali, nazo zikafuata moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nikizimwagilia kila jioni! Nikabeba moja kwenye gari, na shina lake na udongo wake, nikarudi kwenye kitalu nilikozinunua nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mzee wa pale hakubishana. Aliulaza mche kwenye meza, akashika lile bonge la mizizi lenye umbo la ndoo liliyotoka nayo, akalibinya. Likamwagika kama ugoro. Udongo wa kuzunguka bonge ulikuwa umelowa. Ndani palikuwa pakavu. Mboji ya vitaluni ikikauka kabisa huyakataa maji, yanapita pembeni yake. "Hii imekufa Desemba," akasema. "Ulichokuwa unamwagilia ni maiti."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini desturi hii haishiki, hata kwenye mji ambao wataalamu wake wanaihubiri kila mwaka. Kosa linafanyika Desemba, hukumu inasomwa Julai. Katikati kuna machipuko, ambapo mti hutumia akiba ya chakula iliyomo kwenye shina ukatoa majani mapya na kumdanganya mwenyewe kwamba mambo ni shwari. Kisha joto linapanda, majani yanadai maji, mizizi midogo ya kuyaleta ilishakauka tangu msimu wa baridi, na mti unaanguka. Anayetazama analaumu jua la Julai, au mbolea, au kitalu. Pengine anaona vitundu kwenye gome na unga wa mbao chini yake, analaumu mende wa magome wanaoitwa ips. Mende hao wapo kweli, lakini hupendelea spurusi iliyodhoofika. Spurusi yenye maji ya kutosha hutoa utomvu ukamzamisha mende mlangoni. Iliyokaa na kiu haina utomvu wa kutoa. Kwa hiyo kwenye cheti cha kifo huandikwa mende, au joto, na Desemba haitajwi kamwe.

Nirudi kwenye lile blanketi. Watu wengi huogopa kwamba udongo uliolowa utaganda zaidi, kwa hiyo kumwagilia ni kuuongezea mti baridi. Mambo yako kinyume. Maji hushika joto kuliko karibu kitu chochote cha bustanini. Udongo mkavu umejaa hewa kwenye matundu yake, unapoa upesi na baridi inashuka mbali. Udongo wenye unyevu unachelewa kupoa, na hata unapofikia kuganda, kila gramu ya maji inayogeuka barafu hutoa jouli 334 za joto. Ndiyo kusema kuganda kwenyewe kunapasha moto, na mpaka maji yaliyopo yamalize kuganda, joto la hapo haliendi mbali chini ya sifuri. Juu ya hayo, mfinyanzi ukikauka hupasuka, na ufa wa mfinyanzi ni dirisha lililoachwa wazi: hewa ya usiku huingia hadi kwenye mizizi.

Wakulima wa matunda huitumia kanuni hiyohiyo kwa namna ya kushangaza. Usiku wa sakitu, kwenye mashamba ya machungwa ya Florida, na ya matufaha kwenye mabonde ya Tirol wakati maua yametoka, hunyunyizia miti maji hadi ikavaa barafu. Maji yanayoendelea kuganda juu ya ua yanalipa joto, likabaki karibu na sifuri. Sharti lake ni kali: huwezi kuacha katikati. Gramu ya maji ikiganda inatoa jouli 334, lakini ikivukizwa na upepo inachukua takriban 2,500. Ukifunga bomba saa tisa usiku kwa sababu usingizi umekuzidi, barafu uliyoitengeneza itaanza kufyonza joto kwenye ua, na utaua kilichokuwa kinaweza kupona. Ndiyo maana mwenye bustani ya nyumbani asiuguse mchezo huo. Wa kwake ni kulowesha udongo, mchana, na kuyaacha majani makavu.

Baridi zenyewe, nikizigawa kwa jicho la mti, naona ziko za aina tatu. Ya kwanza ni baridi ya mvua, ya London, ya Seattle, ya pwani zote za Atlantiki ya Ulaya. Huko mbingu hazifungi bomba, udongo umejaa maji tangu Novemba, na adui wa mizizi ni kukosa hewa na kuoza. Kumwagilia huko ni kumwaga maji baharini, isipokuwa kwenye vyungu na chini ya vibaraza ambako mvua haifiki. Ya pili ni baridi ya kufuli. Minneapolis, kwa mfano, ardhi hufungwa kuanzia Desemba, na wajenzi hulazimika kuchimba msingi zaidi ya mita moja ili wapite chini ya barafu. Maji utakayomwaga Januari yatakaa juu kama kioo. Huko mtu humwagilia kwa bidii mpaka wiki ile ardhi inapofungwa, kisha anaingia ndani kusubiri. Ya tatu ni hii ya kwetu, kavu na yenye kufunguka: ardhi inaganda, inayeyuka, inaganda tena, jua linawaka, upepo unavuma, mvua haipo. Calgary iko humo, na Denver, na nyanda kavu zote za mashariki ya Milima ya Rocky.

Beijing iko katikati ya aina ya pili na ya tatu, na kwa maoni yangu wao ndio waliolitatua jambo hili vizuri kuliko wote. Mvua na theluji ya Desemba hadi Februari kwa pamoja haifiki milimita 20, upepo wa kutoka Siberia unakausha kila kitu, na ardhi inaganda. Watunza bustani wa huko wana maji yenye jina lake, dongshui, yaani maji ya kugandia. Hayamwagwi kwa tarehe. Husubiri siku ambazo uso wa udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana, mwishoni mwa Novemba hivi. Ukitangulia, maji yatapotea kabla ya baridi; ukichelewa, hayataingia. Siku hizo zikifika kila mti huchimbiwa bakuli la udongo kuzunguka shina, ukajazwa maji hadi chini kabisa. Wakulima wa ngano wa kaskazini mwa China hufuata dalili hiyohiyo. Halafu Machi huja maji ya pili, ya kuamshia. Katikati, nyua za buksi za mjini hujengewa kuta za kitambaa cha kijani upande wa upepo, na ukipita kule Januari unaweza kudhani mji mzima uko kwenye ukarabati. Kulipa jambo jina ni nusu ya kulifanya. Hapa Denver halina jina, ndiyo maana kila mwaka inabidi tukumbushwe.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki hatuna baridi ya namna hii, lakini Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zina binamu yake. Kipupwe cha Njombe na Makete huangukia kiangazini: Juni hadi Agosti mvua hakuna, na usiku sakitu huweza kushuka. Mche wa parachichi haujui kupukutisha majani wala kujiandaa kwa baridi, na mche uliokaa kwenye udongo mkavu huikabili sakitu ukiwa na kiu tayari. Hesabu ya joto la udongo ni ileile.

Basi unamwagilia vipi? Huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ina kanuni ambayo nimeitumia miaka kadhaa na haijaniangusha. Subiri siku ambayo hewa na udongo vimepita nyuzi 4, hakuna theluji juu ya ardhi, na umwagilie katikati ya mchana ili maji yapate nafasi ya kuzama kabla ya usiku. Mara moja kwa mwezi mti hupewa lita 15 hivi kwa kila sentimita moja ya unene wa shina. Ukitafsiri kwa lugha ya nyumbani, mti wenye shina la sentimita tano ni madumu manne ya lita 20. Kichaka kifupi, dumu moja kwa mwezi. Kilichokuzidi kimo, matatu na nusu. Kichaka kilichopandwa mwaka huu, dumu moja mara mbili kwa mwezi. Theluji ya maana ikianguka, punguza. Mti mpya huhesabiwa kuwa mgeni kwa mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wake, na katika miaka hiyo usimruke mwezi hata mmoja.

Mahali pa kumwaga panakosewa kuliko kiasi. Watu humwaga kwenye shina, ilhali mizizi inayokunywa iko mbali zaidi, kuanzia nusu ya kivuli cha matawi na kwenda nje yake, na mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu. Wapo wanaonunua sindano ndefu ya chuma ya kupeleka maji "kwenye mizizi ya chini", wakaichomeka mita nzima. Maji yanapita chini ya midomo yote. Sentimita 20 zinatosha. Mimi naufungua mpira utiririke kama uzi, nauhamisha kila baada ya robo saa. Wasio na mpira hutoboa ndoo tundu dogo chini, wakaijaza na kuiacha imwagilie yenyewe.

Na kabla ya yote hayo, bisibisi. Chukua bisibisi ndefu, ichomeke ardhini chini ya matawi. Ikizama kwa mkono mmoja, maji yapo, rudi ndani ukanywe chai. Ikigoma sentimita tano chini na udongo haujaganda, mti wako umekauka. Kifaa hiki cha bei ya soda kimenisaidia kuliko programu zote za simu zinazojidai kujua bustani yangu. Ukimaliza, chomoa mpira kwenye bomba na uukaushe. Hili nalo nilijifunza kwa hasara: niliuacha umechomekwa usiku mmoja wa Desemba, maji yakaganda kuelekea ndani, bomba likapasuka ukutani, na mke wangu bado hunikumbusha kila anapopita kwenye lile zulia.

Matandazo ya magome au vipande vya mbao, sentimita 7 hadi 10, yasiyogusa shina, hufanya nusu ya kazi bila mshahara. Dawa za kupulizia majani ili yasipoteze mvuke sizipendi. Matokeo yake yamekuwa ya kubahatisha, na chupa yake ina bei ya miche miwili. Kuhusu Septemba, hapo inafaa mkono mzito. Mti unaonyweshwa sana wakati unatakiwa kujifunga huchelewa kukomaa kwa ajili ya baridi. Punguza, subiri majani yaanguke, ndipo uloweshe sana.

Nisije nikaonekana kama nauza dawa ya magonjwa yote. Iko baridi inayoua kwa baridi. Novemba 2014 Denver ilitoka kwenye siku za joto la koti jepesi hadi nyuzi 25 hivi chini ya sifuri ndani ya siku tatu. Miti mingi ya matunda na elmu za Siberia zilikuwa bado hazijajifunga, zikafa zikiwa zimeshiba maji. Desemba 2022 joto lilianguka nyuzi 20 ndani ya saa moja, na usiku huo tukafika 31 chini ya sifuri. Dhidi ya hayo dumu la maji ni msaada mdogo, ingawa mizizi iliyo kwenye udongo wenye unyevu huanza mapambano ikiwa mbele kidogo.

Linabaki swali ambalo si la mimea. Karibu nusu ya maji ya Denver yanavushwa kutoka upande wa pili wa milima, mengine kupitia handaki la Roberts lenye urefu wa kilomita 37, lililokamilika mwaka 1962. Maji hayo yangekwenda mto Colorado, mto ambao kwa kawaida hauifikii tena bahari. Mtu mwenye dhamira akiambiwa amwagilie hata Januari ana haki ya kukunja uso. Lakini tupige hesabu. Mti mchanga wa sentimita tano, kwa miezi sita kamili bila kupunguza theluji hata moja, unakunywa lita 450. Ukoka wa mita mia moja za mraba ukiupa milimita 25 za maji kiangazi, siku moja tu, umemaliza lita 2,500. Mti mkubwa wa sentimita 40 unapanda hadi lita 3,600 kwa msimu, sikatai, lakini hata hizo ni ukoka wa siku moja na nusu, na ukoka hautupi kivuli. Anayetaka kuokoa mto aanze kung'oa ukoka. Kung'oa mti wa miaka 60 kwa kuunyima maji ya baridi ni kuweka akiba kwa kuuza paa.

Kisha nani abebe dumu? Kwa sheria ya Denver mti uliopandwa kati ya njia ya miguu na barabara, ingawa uko kwenye ardhi ya umma, hutunzwa na mwenye nyumba iliyo mbele yake. Wengi wetu tuliotoka Kongo, Kenya, Burundi na Tanzania tunapanga. Mwenye nyumba yuko mji mwingine, kampuni yake ilipuliza mabomba Oktoba, na bomba la nje limetolewa mpini ili wapangaji wasitumie maji. Mti uko mbele ya dirisha la mtu asiyeumiliki, na anayeumiliki hauoni.

Mama wa Uvira alirudi wiki mbili baadaye. Mbele ya jengo lao kuna spurusi mbili, akasema, moja imeanza kuwa nyekundu upande wa barabara. Kama nina ile bisibisi, nimuazime. Nikampa. Jioni alinipigia simu: haikuingia, papa, hata kidogo, ni kama kuchoma jiwe. Nikamuuliza kama ardhi imeganda. Akasema hapana, ni vumbi. Kesho yake nilimkuta kwenye ngazi za jengo lao na madumu mawili ya manjano, yale ya mafuta ya kupikia, anayashusha kutoka ghorofa ya pili, maji ya bombani jikoni. Nikapokea moja.